Namba za Isidore Wilondja Hazikuwa za Redio

Ninyi mliothubutu kuja hapa Baraka kumzika, asanteni. Tunajua mmepita njia gani.

Marehemu Isidore Wilondja alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa pili wa mzee Sumaili, mvuvi, na mama Ebinda. Wa kwanza ni mimi, Émilienne, ninayewasomea.

Alisoma shule ya msingi kulekule Mboko, kisha sekondari hapa Baraka, akapata diploma ya serikali mwaka 1982. Alipenda kupima vitu. Akiwa darasa la nne alitembea na kamba yenye mafundo, akapima mtumbwi wa baba, mbuzi, hata bibi aliyekuwa amelala. Bibi alipoamka alidhani anapimiwa sanduku la maiti, akamkimbiza hadi ziwani.

Baada ya kusomea fizikia Lubumbashi, mwaka 1989 alipata nafasi Ufaransa, katika maabara ya injini za umeme zinazosukuma vyombo vya angani. Nisikilizeni vizuri hapa, maana kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Injini hizo hazichomi mafuta. Gesi hupigwa umeme hadi igeuke plazma, na chembe zake hutupwa nyuma kwa kasi kubwa, chombo kikaenda mbele. Lakini plazma haitulii. Hupanda na kushuka. Marehemu aliipitishia mwanga wa leza, chembe zikang'aa, na kwa mng'ao huo alijua kasi yake kila inapopanda na kila inaposhuka. Yote aliyaandika madaftarini: mistari ya mawimbi, na pembeni 22 kHz, 25 kHz, yaani plazma imepanda na kushuka mara elfu ishirini na mbili, mara elfu ishirini na tano, kwa sekunde moja.

Mwaka 1993 alikuja likizo, na tarehe 7 Agosti akafunga ndoa na Georgette. Alimweleza kazi yake kwa mfano wa mbabula, jiko letu la makaa: ukipepea, moto unapanda, unashuka, unapanda tena. Georgette akamuuliza kama Wazungu wanamlipa kuangalia mbabula. Mwaka uliofuata walijaliwa binti, Merveille. Julai 1998 marehemu alirudi kuwachukua wote wawili. Tarehe 2 Agosti vita vikaanza na njia zikafungwa.

Programu mliyoshika inasema tu kwamba aliugua. Yanayofuata nimeyaandika kwa mkono asubuhi hii.

Tarehe 30 Novemba, kwenye kizuizi cha kuingia Baraka, askari walifungua mkoba wake wakakuta daftari moja. Msinitake niseme askari wa nani. Watoto wetu bado wanapita pale. Mtu wao wa foni, ile redio ya mawasiliano, aliziona zile kHz, alama ileile iliyo kwenye redio yake.

"Hii ni bafréquence za kufichwa," akasema. "Huyu muntu iko naita ndege."

Wakamfungia kwenye kontena. Habari ilitufikia saa nane mchana. Niliogopa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na madaftari sita mengine, na Georgette alikuwa shambani kwa mihogo. Nikajua wakija kupekua watatuua sote. Niliyachoma kwenye mbabula, ukurasa kwa ukurasa, na juu yake nikasonga bugali ili majirani wasiulize moshi ni wa nini.

Siku ya tatu mkubwa wao alituma ujumbe. Marehemu alikuwa amemwambia kwamba yale ya nyumbani yana muhuri wa maabara na sahihi ya mwalimu wake kila ukurasa. Tuyapeleke, aachiliwe. Georgette alipiga magoti akatafuta chini ya kitanda, akapekua masanduku, akalia. Mimi nilisimama mlangoni nikanyamaza.

Alikaa kontenani siku arobaini. Walimtoa tarehe 9 Januari akiharisha damu, hawezi kusimama, na kituo cha afya hakikuwa na dawa. Nilimwambia nilichofanya.

"Yaya, dada yangu, usiambie Georgette," akasema. "Atakukimbia, na yeye na mutoto banabaki na we tu."

Alifariki tarehe 17 Januari 1999, saa nne asubuhi.

Nimeshindwa kumtii. Tangu wiki ile tuliposhindwa kuyapeleka, watu wananong'ona kwamba madaftari hayakuwepo, kwamba Isidore alikuwa mpelelezi, na Merveille atakua akiitwa mtoto wa mpelelezi. Madaftari yalikuwepo. Niliyashika mwenyewe, na mihuri niliiona. Kama yupo hapa aliyetumwa kusikiliza, akawapelekee waliomtuma neno hilo.

Marehemu ameacha mama yetu, mjane wake Georgette, binti yao Merveille mwenye miaka minne, na mimi dada yake, ikiwa Georgette, baada ya leo, ataniruhusu kurudi naye nyumbani.

Mungu akupokee, Isidore, ulale bila woga.