Udongo Niliomwonyesha Lorraine

Mheshimiwa Waziri wetu wa Kilimo wa kaunti, Bwana Mkurugenzi wa mradi wa ramani, wachungaji, machifu na manaibu wao, wageni wetu mliotoka kwenye kinu cha mafuta kule Kanduyi, na nyinyi wakulima wenzangu mliofika hapa Kitale na matope miguuni: chamgei! Watu wa Bungoma, mulembe! Naona sauti mnazo. Chakula bado, kwa hivyo nisikizeni kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Rosaline Chepkemei, mke wa Kigen, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kwetu, njia ya Suam. Nimepewa dakika kumi za kumuaga binti yetu Lorraine Wacuka, ambaye kwa miaka miwili amezunguka mashambani akichora ramani ya ardhi inayofaa mimea ya mafuta inayovumilia ukame. Hotuba niliandika jana, kurasa tatu, binti yangu Vivian akanipigia chapa. Lakini sitaisoma.

Bwana Mkurugenzi, sasa hivi umesimama hapa ukamsifu Lorraine, tukapiga makofi. Kisha ukasema ati kuna kosa moja alilofanya, la kuchanganya mifuko ya udongo, na kwamba mmemsamehe kwa sababu bado ni kijana. Niliposikia neno hilo "mmemsamehe", niliitua soda yangu mezani. Mnamsamehe kwa kosa la nani?

Tazameni ramani hiyo ukutani. Manjano ni ardhi kavu inayofaa mbarika. Mwenye manjano atapewa mbegu na hawa wageni wa Kanduyi, na mbarika zake watazinunua wazikamue mafuta ya kuendeshea mitambo. Kijani ni ardhi nzuri ya mahindi, haihitaji mbarika. Sasa oneni pale juu: manjano, manjano, manjano, halafu katikati kadoa ka kijani. Picha za setilaiti zinasema pale ni pakavu, udongo uliopimwa unasema ni pazuri ajabu. Lorraine aliomba arudi kuchimba tena, akaambiwa muda umekwisha na kosa ni lake. Kale kadoa ni mashamba thelathini na nane, na udongo uliopimwa kwa niaba ya yote ulitoka kwangu.

Ngojeni, utamu unakuja.

Siku Lorraine alipopiga kigingi shambani kwangu na kusema atarudi kesho yake kuchimba, nilikuwa nangoja wakwe kutoka Bungoma, waje kumposa Vivian. Nikajiuliza, hawa watu wataambiwa nini, kwamba bibi arusi wamemtoa kwenye changarawe? Shamba la Kigen lipakwe rangi ya ukame, na mimi ndiye mwenyekiti? Haiwezekani, bana! Basi asubuhi na mapema, kabla ya kukamua, nilichimba pale penye kigingi, nikatoa changarawe yote, nikajaza udongo mweusi wa nyuma ya boma la ng'ombe. Wilibaro saba! Nikashindilia kwa miguu, nikatawanya majani makavu juu yake. Kigen akatoka na kikombe chake cha chai, akanitazama weee, akauliza, "Mama Vivian, unazika nani?" Nikamwambia arudi ndani.

Lorraine akaja na kile chuma chake kirefu cha kutobolea ardhi. Akatoa udongo, akausugua kiganjani, akasema, "Mama, udongo wako ni mzuri sana." Nilivimba kichwa! Nikampikia mayai mawili. Wakwe nao wakaja, wakala, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za udongo.

Mwaka jana mvua ikatukataa. Mahindi yangu yalifika magotini yakachoka. Kwa jirani yangu Wachira, Baba Kui, mistari miwili ya mbarika aliyoipanda Lorraine kwa majaribio ilisimama kijani, majani mapana, na Wachira akawa anapita langoni kwangu akipiga mluzi. Baba Kui, usicheke, nakuona hapo nyuma! Hata wewe umo ndani ya kale kadoa. Hata wewe hupati mbegu, kwa sababu yangu.

Kwa nini sikusema mapema? Aibu, ndugu zangu. Siku moja nilimpelekea binti huyu maziwa chumbani kwake Matisi. Nilimkuta amezungukwa na makaratasi, macho mekundu, wiki ya tatu anarudia hesabu zilezile. Akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Nami nikamwambia, "Kunywa maziwa." Jamani! Mtu mzima kama mimi! Nilitembea mpaka steji nikijitukana.

Sasa nimsifu, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Mashine ilipomwambia hivi na udongo ukamwambia vile, Lorraine hakuchagua jibu la kuwafurahisha wakubwa; alitaka kurudi kuchimba. Huko anakokwenda kufanya kazi watakuuliza habari zake, Bwana Mkurugenzi. Tafadhali waandikie kwamba mifuko yake ilikuwa sawa, yote, na kwamba aliyewadanganya ni mama mmoja mwenye kiburi na wilibaro.

Mheshimiwa Waziri, ramani hii ukishaitia sahihi leo, haitaguswa kwa miaka mitano. Miaka mitano watu thelathini na nane wakitazama mbarika za wenzao ng'ambo ya ua! Nakuomba uahirishe, siku mbili tu. Chimbeni hatua ishirini kutoka pale kigingi kilipokuwa, chimbeni popote mnapotaka, mimi mwenyewe nitashika beleshi. Wenzangu wakitaka kuninyang'anya uenyekiti, nitauacha bila kelele, ingawa kwa kelele mnanijua.

Lorraine, binti yangu, nilikukosea nikiwa nimejificha, na radhi nakuomba mbele ya watu wote hawa. Hukukosea popote.

Naona Mheshimiwa ameifunika kalamu bila kutia sahihi. Mungu akubariki sana! Nanyi nyote mliokaa mkanisikia mpaka mwisho, bila kunirushia hata chupa ya soda, nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lorraine, panguza machozi, panda gari twende tukachimbe.