Dobi Anajifunza Kulala Akiwa Macho

Waliokuwepo mchana ule kwenye benchi la pembeni mwa duka la vipuri ni hawa. Wa kwanza ni Fundi Redio, aliyekalia upande wa kivuli kwa haki ya kutangulia. Wa pili ni Baharia, ambaye hajapata kupanda chombo chochote cha majini. Jina alipewa kwa mwendo wake wa kuyumba. Wa tatu ni Mama Kahawa, ambaye hakai benchini bali juu ya ndoo aliyoifudikiza karibu na jiko lake. Wa nne ni Dobi, na huyu alikuwepo nusu tu, maana kichwa chake kilikuwa kikianguka kifuani na kuinuka, kikianguka na kuinuka. Wa tano alikuja baadaye, na jina lake halikujulikana.

Dobi alikuwa amechoka mpaka kwenye kope. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amelazwa hospitali, wodi ya wanawake, na wagonjwa huonwa alasiri tu. Kila alipofika, dada alimlalamikia neno lile lile: ulikuja usiku, ukasimama mlangoni, nikakuuliza, ukaninyamazia. Mwanzoni Dobi alicheka. Alimweleza kwamba hiyo ni ndoto, na kwamba yeye usiku alikuwa kwake, kalala. Dada akageukia ukutani. Tangu siku hiyo Dobi hakucheka tena. Aliona kwamba kama ni yeye anayekwenda kusimama pale, basi anakwenda bila kujijua, na hakuna dawa ila kujifunza kwenda akijijua, ili akiulizwa ajibu.

Njia yenyewe aliileta Fundi Redio. Alikuwa akiijaribu redio ya mteja, akanasa kipindi cha mtaalamu aliyesema mtu anaweza kuingia ndotoni huku akijua kuwa anaota. Ulale chali, usitikisike, uuache mwili utangulie kulala, na wewe ubaki nyuma ukiuangalia, mpaka picha zianze kupita mbele ya macho yaliyofumbwa. Ukifika hapo, alisema mtaalamu, fanya jambo moja tu. Papo hapo waya ukaachia, redio ikazimika, na Fundi alipoifufua walikuwa wanasoma bei za mazao. Kwa hiyo benchi zima lilikuwa na nusu ya somo. Nusu ya pili, kila mtu alikuwa na ya kwake.

— Mwili unatangulia vizuri, alisema Dobi. Miguu inakufa ganzi, halafu naona mashati. Yanapita yenyewe kwenye kamba, ndani hamna mtu. Nikitaka kuingia tu, ama nashtuka, ama nachukuliwa mzima mzima mpaka asubuhi.

— Mashati ya nani? aliuliza Baharia.

— Ya wateja. Ya nani tena?

— Basi hata huko unapiga pasi. Pole, ndugu yangu.

Dobi hakukasirika. Kukasirika nako kunataka nguvu. Aliwaambia kuwa juzi alijaribu akiwa kazini, amesimama mezani, na aliporudi kutoka huko alikokuwa akakuta kola ya shati jeupe chini ya pasi imegeuka rangi ya chai.

Fundi Redio alisema kosa lilikuwa dhahiri. Mtu ana mitambo miwili, kichwa na mwili, na kazi ni kuuzima mmoja bila kuugusa wa pili. Uchovu utauzima mwili. Kichwa kitashikiliwa na kahawa.

— Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, alimalizia. Sasa dawa ya usingizi ni nini?

Mama Kahawa alimimina, akasema kwamba miaka yote aliyouza kahawa hajasikia ikitumika badala ya mto. Dobi alikunywa. Akaongezewa, akanywa tena.

Baharia hakukubali kupitwa. Kwake yeye, usingizi una mlango mfupi, na anayetanguliza kichwa lazima akigonge ashtuke. Kwa hiyo Dobi alale kinyume, miguu kwenye mto. Fundi akasema miguu si kitu, jambo ni mawimbi. Watoto wa mama mmoja ni stesheni moja, hivyo kichwa kielekezwe hospitali na mkononi ashike kijiko cha bati. Baharia akauliza kwa nini kutafuta mawimbi ya mbali. Mtu si aingie tu wodini alale chini ya kitanda cha dada yake? Mwenda pole hajikwai.

— Manesi watamfagia pamoja na vumbi, alisema Mama Kahawa.

Mwishowe walisimama, wakamlaza Dobi benchini, kijiko mkononi. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama cherehani. Alifumba macho, akayasubiri mashati. Hata hayo hayakuja.

— Kashalala, alinong'ona Baharia.

— Sijalala, alisema Dobi.

— Usijibu, alisema Fundi. Unaharibu.

Ndipo alipofika mchukuzi mmoja na godoro kichwani, akatafuta pa kupumzika. Alipoona benchi limejaa mtu, alilitua godoro ukutani, akauliza mgonjwa ana nini. Fundi na Baharia walimweleza kwa pamoja, na mtaalamu, na waya, na mawimbi, na dada anayeuliza akanyamaziwa. Mchukuzi alijifuta shingo, akasikiliza hadi mwisho.

— Huyo dada anamuuliza nini?

— Anamuuliza mbona hasemi, alijibu Baharia.

— Hilo ni la baada ya kunyamaziwa. Mimi nasema swali lenyewe.

Fundi alimtazama Baharia. Baharia alimtazama Mama Kahawa, naye akaliinua birika, akalirudisha. Dobi alifumbua macho, akabaki anatazama juu. Siku zote hizo alikwenda, alikaa kando ya kitanda, alimfafanulia dada ndoto ni kitu gani, alimwahidi kwamba anajifunza na kwamba karibu atajibu.

— Sijamuuliza, alisema.

Mchukuzi aliomba asaidiwe kujitwisha godoro lake, akasaidiwa, akaenda zake.

Dobi aliketi, akatafuta viatu kwa miguu. Alitaka maji ya kunawa uso, na Mama Kahawa akammiminia mikononi. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia. Aliondoka bila kuaga, akitembea upesi kuliko walivyopata kumwona, huku midomo yake ikijaribu maneno: dada, ulikuwa unaniuliza nini?

Mlangoni mwa wodi muuguzi alimzuia, akamuuliza jina la mgonjwa. Dobi alilitaja lote, la dada mwenyewe, la baba na la babu. Muuguzi akamwomba akae. Dada yake alikuwa amefariki mchana ule.