Mchezaji Aliyeazimwa: Risala ya Wanawake wa Tawa

Mgeni rasmi, Bi. Nzisa, mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Mpira wa Australia ya Wanawake wa Kitui na Makueni. Kapteni Abdiya na wenzako mliotoka Mwingi jua halijachomoza. Mwalimu Muthama, kocha wetu na refa wa kila mtu. Bwana Nzioka, uliyetununulia jezi hizi. Wazazi wetu, na nyinyi mlioacha meza zenu sokoni ili mje mtusikize: tumefurahi sana kuwaona.

KARIBU

Karibu Tawa, mama yetu. Hema tumeazima kanisani, viti tumeazima shuleni, na sufuria za muthokoi unaosikia harufu yake tumeazima kwa watu watano tofauti. Hatusemi hivyo kwa aibu. Huku kwetu kitu kikiazimwa kinafanya kazi yake sawasawa, kisha kinarudi kwa mwenyewe, na risala hii yote inahusu jambo hilo hilo.

Tunajua umekuja kukabidhi kombe ambalo limekaa wiki tatu bila mwenyewe. Tunajua pia kwamba kabla ya kulikabidhi lazima uamue rufaa iliyoletwa kwako kwa jina letu sisi, timu ya Tawa. Rufaa hiyo inaomba mambo matatu: fainali irudiwe, kanuni ya kuazimana wachezaji ifutwe, na mwenzetu Nusaiba afungiwe misimu miwili. Hayo tutayafikia. Tunaomba utuvumilie, maana huwezi kumwamulia Nusaiba kabla hujajua alivyoingia katika mchezo huu.

HISTORIA YETU

Mwalimu Muthama alirudi kutoka mafunzo Nairobi na mpira ambao tulimuuliza kama ulikaliwa na mtu garini. Una ncha mbili kama embe. Ukidunda, unaelekea unakotaka wenyewe. Akatuambia ni mpira wa Australia, kwamba unaudaka kwa mikono, unaupiga kwa mguu, na mwenzako unampasia kwa kuugonga kwa ngumi. Tulicheka, halafu tukavua viatu tukaujaribu, na tangu siku hiyo hatujauacha.

Nusaiba hakuja kucheza. Alikuja kuuliza swali. Duka la vitambaa la baba yake, Mzee Idris, linatazama uwanja huu, na yeye alikuwa akitutazama kutoka kaunta huku akipima kanga za watu. Kilichomsumbua ni milingoti. Mbona ni minne kila ncha ya uwanja? Siku moja alifunga duka mapema, akavuka barabara, akamsimamisha Mwalimu. Mwalimu akamweleza kwamba ukiupitisha mpira katikati, kwenye milingoti miwili mirefu, unapata pointi sita. Ukikosa kidogo, ukapita kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga mlingoti mrefu, unapata moja.

"Kwa hivyo mtu akikosa mnampa pointi?" aliuliza Nusaiba.

Mwalimu akasema ndiyo, hiyo ndiyo kanuni.

"Nani aliitunga? Huyo alikuwa mtu mzuri."

Basi akaingia kwa ajili ya kanuni, jamani, wakati sisi wengine tuliingia kupunguza tumbo. Kila jioni alikuwa na swali jipya, na Mwalimu akawa anakuja mazoezini amejitayarisha kama mtu anayeenda kufanya mtihani. Kwa nini ukiudaka mpira uliopigwa mbali, mchezo unasimama na unaachiwa upige kwa utulivu? Kwa nini ukikimbia nao lazima uudundishe? Kwa nini refa wa milingoti avae koti jeupe? Hilo la mwisho Mwalimu hakulijua. Tulichukua koti la bucha, tukalifua mara mbili, na mbwa wa sokoni bado walimfuata refa.

Tulipoamua kuandaa mashindano, timu nne zilikaa pamoja kutengeneza kanuni: sisi, Mukuyuni, Kalamba na Mwingi. Zile za Australia zinataka wachezaji kumi na wanane kila upande, nasi hakuna aliyeweza kupata hata kumi na wawili ambao hawana mtoto mchanga, kibarua au mume mgumu. Tukaandika tisa. Tukaandika kwamba kitambaa cha kichwa kinaruhusiwa bila pini, na Nusaiba akatuonyesha namna ya kukishikilia kwa lastiki. Kisha likaja suala la timu itakayofika na watu pungufu. Mukuyuni walitaka ipoteze mchezo. Kalamba, ambao wanajijua, walinyamaza.

Nusaiba akauliza kama hatujui mwethya. Tulishangaa, maana mwethya ni wetu kabisa, yale makundi ya akina mama wanaochimbiana matuta, leo kwako na kesho kwangu. Alisema mwenye shamba akiwa na mikono michache, hatumwambii amepoteza msimu. Tunampelekea mikono. Basi timu yenye watu wengi iwaazime wenzao mpaka walingane, na ili asiwepo atakayetoa mchezaji wake dhaifu, kapteni wa timu pungufu ndiye achague anayemtaka.

Tuliinua mikono sote. Hiyo ndiyo Kanuni ya Saba, mgeni rasmi, na katika karatasi za Australia haimo. Ni ya hapa.

MAFANIKIO

Msimu mzima hakuna timu iliyorudishwa nyumbani bila kucheza. Kalamba walikuja pungufu kila mara, wakaazimwa watu kila mara, na walifunga magoli kwa miguu ya watu wa Mukuyuni. Mume wa mmoja wetu, ambaye alikuwa akisema mchezo huu ni upuuzi, sasa ndiye anayeshika bendera. Wasichana wa shule wanaupiga mpira wa nailoni waliousuka kwa ncha mbili. Na Tawa ilifika fainali, jambo ambalo lilitushangaza sisi kuliko lilivyowashangaza nyinyi.

CHANGAMOTO

Uwanja unateremka upande wa mto. Mipira ni miwili, na mmoja unavuja. Choo kiko mbali, nanyi mlioomba kuonyeshwa asubuhi mmejionea. Lakini hizo ni changamoto za kila risala, na hatukuja kukuchosha nazo.

Siku ya fainali Mwingi walifika saba. Wawili walikuwa wamebaki matangani. Sisi tulikuwa tisa, kwa hivyo Mwalimu akasoma Kanuni ya Saba na kumwita Abdiya achague mmoja. Abdiya hakufikiri hata dakika. Akamnyooshea kidole Nusaiba, mguu wetu mrefu kuliko wote.

Nusaiba alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua kanuni yake mwenyewe ina shimo. Alipokuwa akivaa jezi ya Mwingi, namba kumi na moja, alimuuliza Mwalimu mchezaji aliyeazimwa acheze kwa nguvu zote au kwa kiasi. Mwalimu akapekua karatasi. Haikuandikwa. Akamgeukia Ndinda, kapteni wetu, huyu anayekusomea. Ndinda naye hakujua. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu kabla ya siku hiyo aliyeazimwa hakuwahi kuwa mtu wa kuamua mechi.

"Haya," alisema Nusaiba, "basi nitachimba."

Na alichimba kweli. Mgeni rasmi, kucheza dhidi ya mtu anayejua kila hila yako ni adhabu. Alijua nani kati yetu huteremkia upande wa mto na nani huogopa mpira wa juu. Hata hivyo tulipambana, na dakika za mwisho tulikuwa ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Mwalimu alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni wakati Abdiya alipopiga mpira mrefu, nasi tukaruka watatu, na aliyeudaka ni Nusaiba. Filimbi ikalia.

Wengi mlidhani yameisha na mkaanza kuingia uwanjani. Lakini kanuni inasema ukidaka kabla ya filimbi, teke lako linangojwa. Watu wakarudishwa nyuma. Nusaiba akabaki amesimama peke yake na mpira, na milingoti minne mbele yake.

Tumemuuliza mara nyingi aliwaza nini pale. Aliwaza lile swali lililomleta uwanjani. Mchezo huu unampa pointi hata anayekosa. Akikosa kidogo, Mwingi inashinda kwa moja. Akipata, inashinda kwa sita. Njia ya kutuokoa ilikuwa moja tu, kuupiga nje kabisa makusudi, kule kwenye vibanda vya nyanya, na uso wake ujifanye umesikitika. Alimwona baba yake amesimama mlangoni mwa duka. Aliwaona wateja wake. Alituona sisi.

Akapiga. Mpira ukagonga mlingoti mrefu, na mwenye koti la bucha akainua bendera moja. Thelathini kwa ishirini na tisa.

Kumekuwa na maneno tangu siku hiyo. Kuna wanaosema aliugonga mlingoti makusudi ili asituumize sana. Tulimuuliza, akakasirika. Alisema alilenga katikati kabisa na upepo ukamharibia, na tusimpunguzie. Hilo tunalisema hapa kwa sababu yeye angetaka lisemwe.

Maneno mengine yalituuma zaidi. Rufaa inasema aliwapendelea watu wa kwao. Hapo tumejiuliza, mgeni rasmi, na tunauliza kwa nia ya kujua: kwao ni wapi? Babu yake alikuja Tawa kutoka pwani na majora ya kitambaa akajenga hapa. Nusaiba alizaliwa hapa, na sare zetu za shule alishona mama yake, Mwanahamisi. Mwingi hajawahi kulala hata siku moja. Kati ya wale saba wa Mwingi, waliofunga kitambaa kichwani walikuwa wawili, na wengine ni Wakamba kama sisi. Tulimfuata Abdiya tumuulize kwa nini alimchagua Nusaiba, tukitarajia jibu refu. Alitutazama kama watu waliopungukiwa. "Ndiye anapiga mbali," alisema. "Nyinyi mngechagua nani?"

Tangu fainali Nusaiba hajaja mazoezini. Duka limepoa, na wanaoingia huingia kuuliza bei na kutoka. Jezi ya Mwingi ameifua, ameipiga pasi, na leo amekuja nayo kwenye mfuko. Amekaa kule nyuma kando ya mama yake. Hajui tumeandika nini.

MAOMBI

Tunaomba mipira miwili, sanduku la huduma ya kwanza, na choo.

Tunaomba utuulizie wale wa Australia kuhusu koti jeupe, maana Mwalimu hajapata usingizi.

Kisha kuhusu rufaa. Bwana Nzioka, uliiandika kwa kutupenda. Ulilia siku ile, tulikuona, na jezi hizi tunazivaa kwa shukrani. Lakini uliiandika kwa jina letu bila kutuuliza, na sisi tuliocheza tumekaa wanane tukakubaliana. Mgeni rasmi, tunaiondoa rufaa. Yote matatu. Fainali isirudiwe. Tulishindwa, na tulishindwa kwa kanuni tuliyoiinulia mikono wenyewe. Kombe hilo lililo mezani ni la Mwingi, na tunaomba ulikabidhi leo mbele yetu, tulipigie makofi.

Nusaiba asifungiwe. Angetupigia mpira kwenye nyanya, tungetoka sare na labda leo tungekuwa na kombe, na hakuna timu ambayo ingeazima mtu tena, kwa sababu nani anaita mikono asiyoiamini? Msimu ujao Kalamba wangekuwa wanarudi nyumbani bila kucheza.

Kanuni ya Saba ibaki. Ila ina shimo, na aliyelivumbua alilivumbua akiwa anavaa jezi ya watu, bila mtu wa kumjibu. Tumechelewa wiki tatu, lakini jibu tumelipata. Tunaomba liongezwe chini ya kanuni hiyo, kwa maneno haya haya:

"Mchezaji aliyeazimwa atacheza kwa nguvu zake zote. Mchezo ukiisha, atarudi kwao."

Abdiya, tunaomba uipokee jezi yako kutoka kwenye ule mfuko. Yetu tunayo hapa mkononi, namba tano, imekunjwa, na tunamngoja mwenyewe aifuate.

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, akurudishe salama kwa watoto wako, na mvua ya msimu huu ituangukie sote, Makueni na Kitui, bila kuchagua.

Ni sisi, Timu ya Wanawake ya Tawa: wanane tuliosimama mbele yako, na mmoja aliyekaa kule nyuma.