Mawe Niliyomfungulia Nyakundi

Pasta wetu, bwana chifu, wazee, akina mama, majirani wa hapa Kaplong na nyinyi mmetoka Sigor na Silibwet na hii matope yote, mimi naitwa Onsongo, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Omwenga, na huyu amelala hapa mbele yetu ni ndugu yangu wa kunifuata. Familia ilikuwa imesema historia isomwe na kijana wake Okemwa kwa sababu amemaliza chuo, lakini nimekataa, nimeandika na mkono wangu na nitasoma na macho yangu, mwalimu wangu wa ngumbaru, ile masomo ya watu wazima, Mwalimu Winny, ameketi pale na anajua naweza, na nikisimama mahali kidogo, tafadhali msinisaidie.

Marehemu Zakayo Nyakundi Omwenga alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka wa 1946 huko Tabaka, upande wa Kisii, mahali mawe laini inatoka, akiwa mtoto wa pili wa mzee Omwenga na mama yetu Bosibori, na mimi nilikuwa nimemtangulia na miaka miwili. Shati ikinibana ilikuwa inaenda kwake, blanketi hivyo hivyo, hata kisu ya kwanza ya kuchonga aliipata kwangu ikiwa imeisha makali, na mimi wakati huo niliona ni haki, kwa sababu mkubwa ni mkubwa.

Mwaka wa 1955 baba alipata kazi ya kuchuma chai Kericho, tukahama sisi wote tukaishi kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, na ilipofika 1956 baba alisema ni mtoto mmoja tu ataenda shule, mwingine atachuma naye. Kwa vile mikono yangu ilikuwa tayari inafika juu ya kichaka cha chai, mimi nikavalishwa kikapu, Nyakundi akavalishwa kaptura ya kaki, akasoma mpaka akafanya mtihani wa mwisho mwaka wa 1964. Jioni alikuwa anasoma kitabu kwa sauti karibu na moto, na mimi nikiwa na vidole vyeusi vya utomvu wa chai nilikuwa naangalia mdomo wake tu, nashindwa hizo maneno anazitoa wapi kwa hiyo karatasi. Hapo ndipo wivu wangu ulianzia, nasema mapema ili mtu asiende kunisema huko nyuma kwa sufuria za chai.

Mwaka wa 1966 baba alipata shamba hapa Kaplong, na sisi wawili tukaanza kazi ya mawe, na kazi tuligawa namna hii na haijawahi badilika. Mimi ndio nilikuwa naenda kwari Tabaka, kule mawe inachimbwa, nagonga jiwe na mgongo wa panga nasikiliza kama iko na ufa ndani, nachagua, nakuja nayo, halafu naifungua, kufungua ni kutoa ile yote haitakikani mpaka jiwe ianze kuonyesha mgongo iko wapi na kichwa iko wapi, nikifika hapo naweka shoka chini namwachia yeye, na yeye anaweka sura. Kwanza tulikuwa tunatengeneza sanamu za viboko na sahani za wageni wa hoteli, lakini kutoka 1974 Nyakundi alianza kutoa watu, mama ameinama na kikapu ya chai, mzee ameketi juu ya mkebe wa maziwa, msichana anangoja mvua iishe, na hakutaka hizo zisuguliwe na msasa, alikuwa anaacha alama za patasi zionekane, anasema watu wa hapa wako na mikunjo na jiwe pia iwe nayo.

Kuhusu ndoa, marehemu alimjua Mellen mwaka wa 1968, lakini kwetu mdogo haruki mkubwa, hawezi kuleta mke nyumbani kama kaka yake bado analala peke yake, na mimi nilikuwa nachagua mke vile nachagua jiwe, nagonga, nasikiliza, naendelea. Nyakundi alingoja bila kuniambia neno hata moja, mimi nikaoa Desemba 1971, na yeye akafunga harusi na Mellen tarehe 8 mwezi wa nne 1972. Siku hiyo Mellen alinijia na sahani ya nyama akaniambia, "Shemeji, ungechelewa mwaka mmoja tu, saa hii ningekuwa mke wa fundi wa viatu wa Sotik, na alikuwa mtu mzuri." Mungu aliwabariki na watoto watatu, Okemwa wa 1973, Janefer wa 1976, na Phelis wa 1980, na wajukuu wawili. Mwaka wa 1992 wakati wa zile vurugu za makabila tulirudi Kisii kwa muda, na mawe zote za Nyakundi zilizobaki nyumbani, jirani yetu Kimeli alizifunika na mabua ya mahindi kwa zizi lake, tukarudi tukazipata hata sikio moja haijavunjika.

Sasa nafika kwa maneno ya makumbusho. Mwaka wa 1995 alikuja hapa mama mmoja wa Uholanzi, anaitwa Annelies, alikuwa ameona yule mama wa kikapu kwa hoteli Kericho, na mwaka uliofuata akarudi akasema makumbusho kubwa ya kwao inataka kuweka kazi zote za Nyakundi pamoja, kutoka ujana wake mpaka leo, kwa nyumba moja, watu walipe kiingilio waone. Zilikuwa zimetawanyika, moja ilikuwa inazuia mlango wa zizi la Kimeli, ingine kwa duka Silibwet ilikuwa inakalia magazeti isipeperuke, ingine Sigor kuku walikuwa wanalala juu yake, tukazunguka tukazikusanya zote hapa kwa boma. Yule mama alianza kuandika majina kwa sanduku za mbao, na mimi nikasimama hapo nikiangalia kalamu, sikujua kama jina langu iko au haiko, na wiki hiyo hiyo, mwezi wa tatu 1996, nikaingia darasa la ngumbaru nikiwa na miaka hamsini na mbili.

Kabla ya lori kuja, Annelies alienda Nairobi siku chache, na Mellen na akina mama wa kanisa wakaona hizo mawe haziwezi kupanda ndege zikiwa na mavi ya kuku. Walileta maji, wakaleta msasa, ile ya ngumu na ile ya laini, wakasugua kila moja vile sisi watu wa Tabaka tunafanya na kitu ya mgeni, mikunjo yote ikaisha, halafu wakapaka rangi ya viatu isiyo na rangi na kung'arisha na soksi, mpaka yule mzee wa mkebe wa maziwa akakuwa anang'aa kama bwana harusi. Annelies aliporudi aliketi chini juu ya gunia, akashika kichwa, na Mellen akamwambia kwa upole, "Mama, zikienda chafu, huko kwenu si watasema hatuna maji?" Nyakundi alicheka mpaka akaanza kukohoa, akasema ziende hivyo, hao pia ni watu wa hapa na hiyo ni mikono yao.

Maonyesho ilifunguliwa tarehe 12 mwezi wa tisa 1997, na tiketi ya ndege ilikuwa ya mtu mmoja. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani, alikuwa amevaa koti mpya, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe alikuwa amevaa kitu ambayo haikupita kwangu. Alirudi na picha, ukumbi kubwa nyeupe, wazungu wamesimama kimya mbele ya mawe zangu, nasema zangu kwa sababu hakuna hata moja pale sikuibeba na huu mgongo, na picha moja ilikuwa ya kibao ya ukutani, wameandika lugha tatu na Kiswahili ikiwa ya mwisho. Nilikataa kusomewa. Nilienda nayo nyuma ya nyumba nikasoma pole pole na kidole, ikasema, "Zimechongwa na Nyakundi wa Kaplong. Zimesuguliwa na Mellen na akina mama wa kanisa lake." Nikasoma tena kutoka mwanzo, halafu nikageuza picha nikaangalia upande wa nyuma, na huko ilikuwa nyeupe tu.

Nilimuendea nikamuuliza, "Nyakundi, hata msasa imeandikwa. Na mimi?"

Akasema, "Waliniuliza nani alisugua kwa sababu walikuwa wamekasirika. Hakuna mtu aliuliza nani alifungua."

"Na wewe ungeshindwa kusema?"

Alikohoa, halafu akaniambia maneno ambayo nimekuja nayo mpaka hapa. "Sikushindwa. Sikutaka. Shati ilikuwa yako kwanza, blanketi yako kwanza, mke ilibidi ningoje upate wewe kwanza, hata jiwe nilikuwa naipata ukiwa umeshajua ni mama ama ni mzee. Nilitaka kitu moja, Onsongo, moja tu, ambayo naanza mimi."

Nilikuwa nafikiri wivu kwa hii familia ni mali yangu peke yangu, kwa vile yeye ndiye alisoma, yeye ndiye alijulikana, sikujua na yeye alikuwa amebeba yake tangu tukiwa kwa laini za Kericho. Sikumjibu vizuri siku hiyo, nilimwambia anirudishie kisu yangu ya 1955, na yeye akasema nimrudishie kwanza ile miaka alingoja kumuoa Mellen, tukaangaliana, tukakunywa chai.

Ugonjwa ulianza Januari 1998, ni vumbi ya mawe iliyokuwa imeketi kwa kifua chake muda mrefu, akaingia na kutoka hospitali, akalazwa mara ya mwisho hapa Kaplong tarehe 21 mwezi wa sita, na siku ya Alhamisi tarehe 9 mwezi wa saba, saa nne asubuhi, akatuacha, Mellen akiwa ameshika mguu wake na mimi nikimsomea Zaburi, nilikuwa nimefika katikati.

Familia inashukuru madaktari na masista wa hospitali ya Kaplong, jirani Kimeli na mke wake Chemutai kwa mabua na kwa ng'ombe ya leo, akina mama wa kanisa, wachongaji wenzetu waliofika kutoka Tabaka, Mwalimu Winny, na huyu Mama Annelies aliyefika jana kutoka Nairobi. Yeye ameniuliza jana kama anaweza kuongeza jina langu kwa ile kibao, kwa sababu Mellen amemwambia kazi yetu ilikuwa inaenda namna gani, na jibu langu nimeiweka mpaka leo ili nyote musikie. Mama, ongeza, nataka sana, nimeitaka kuliko vile nilitaka kuoa. Lakini usiniweke juu ati kwa sababu jiwe ilianza kwangu. Andika Nyakundi kwanza, andika Mellen na akina mama, halafu mimi chini yao wote, kwa herufi nitaweza kusoma.

Nyakundi, hata hapa mimi ndio nilikuwa natakiwa kuenda mbele, na umenipita bila kuniuliza, na nakuonea wivu hata kwa hiyo. Tulia sasa, kifua imepata kupumzika. Nikifika huko utakuwa umenitangulia, na mimi nitakuita kaka.