Stendi ya Delmar Kratzer

Mchungaji, wafiwa wenzangu, na ninyi mliotoka zamu ya usiku kiwandani mkaja moja kwa moja bila kulala, poleni na asanteni, nitasoma taratibu, kwa sababu jicho langu lililobaki nalo limechoka, na mwenyewe nimechoka. Mimi ni Wendell, mdogo wake marehemu. Katika karatasi hii mna jambo moja ambalo bonde hili halijawahi kulisikia, nimeamriwa nilisome kabla sijakaa, na nitalisoma.

Kaka yetu Delmar Kratzer alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948, nyumbani kwa wazazi wetu, hapa Bonde la Yost, kaskazini mwa Pennsylvania, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, mimi nikimfuata. Alianza shule Septemba 1954, akamaliza sekondari tarehe 8 Juni 1966, si kwa kupenda vitabu, alipenda karakana, na mwalimu wake wa ufundi alizoea kumwambia, "Kratzer, mikono yako ina akili kuliko kichwa chako," naye akachukulia kuwa ni sifa.

Baada ya miaka miwili ya jeshi, ambayo hakupenda kuizungumzia, aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi tarehe 2 Machi 1970, akawa fundi mitambo hadi alipostaafu tarehe 29 Oktoba 2010. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na shemeji yangu Verna Stauffer, wakajaliwa watoto wawili, Loretta, aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1973, na Glenn, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1976.

Wawindaji mnajua kwamba tangu 1974, chini ya nyumba yake, kulikuwa na meza ndefu ya kujazia risasi, akichukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akiyasafisha, akiyatia baruti, akiyamulika ndani kwa tochi aone kiasi, akiyafunga kwa kichwa kipya, akilijazia nusu ya bonde hili kabla ya msimu wa kulungu, na malipo yake yalikuwa pai au paja la nyama. Sheria yake ilikuwa moja tu, asiguse mtu kitu mezani.

Jumatatu tarehe 30 Novemba 1992, siku ya kwanza ya msimu, shule zimefungwa kama kawaida, bunduki yangu fupi ilipasuka mkononi, kwa sababu risasi moja aliyonijazia ilikuwa na baruti mara mbili, na nikapoteza jicho la kulia. Delmar alinibeba mgongoni kwenye theluji hadi barabarani, akirudia neno lilelile, "Nimekuua, Wendell, jamani, nimemuua mdogo wangu." Wiki hiyohiyo alishuka na msumeno, akaikata ile meza vipande, akavichoma uani, akaapa kwamba hatamjazia mtu risasi tena.

Lakini watu waliendelea kumwendea, wengi hawakumudu risasi za dukani, kwa hiyo masika ya 1993 akatengeneza stendi, chini ringi ya gurudumu la lori bovu, katikati bomba la chuma aliloliokota jalalani kiwandani, juu ubao mnene wenye mashine ya kujazia risasi, ya kuvuta kwa mkono, vyote vikifunguka kwa boliti tatu na kuingia nyuma ya pikapu. Haikumgharimu zaidi ya dola kumi na moja, na sura yake ilikuwa mbaya, Verna aliiita korongo mjamzito. Tangu hapo aliibeba nyumba kwa nyumba, akaifunga jikoni kwako, akasimama pembeni mikono mfukoni, akasema, "Pima mwenyewe, mulika mwenyewe, vuta mwenyewe, mimi naangalia tu." Mlimtania, "Vipi Delmar, siku hizi unaogopa risasi?" naye akacheka nanyi, lakini nilimjua kaka yangu, hakuwa anacheka.

Na kila Sikukuu ya Shukrani, kabla ya kukata bata mzinga, aliniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Jicho linauma?" nami nikamjibu, "Haliumi, kaka, kula."

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2021, akawekewa mtungi wa hewa, ila aliendelea kuzunguka na stendi hadi mwaka jana, Glenn akibeba chuma na yeye akibeba boliti. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Verna akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu ya kuku na mahindi hadi jokofu likakataa kufungwa, na wenzake wa kiwandani waliopeana zamu ya kukaa naye.

Sasa lile jambo. Jumamosi tarehe 14 Novemba 1992 nilikuwa naye chini akinijazia risasi zile, simu ikamwita juu, nami kwa kutaka kumsaidia nikachukua kipimo chake, nikatia baruti ganda moja, nikidhani safu ile ni tupu, kumbe alikwisha kuitia na kuimulika kwa tochi. Nikasikia hatua zake ngazini, nikarudisha kipimo mahali pake, nikanyamaza, kwa kuogopa atanifokea. Bunduki ilipopasuka niliogopa zaidi, kisha miaka ikapita, nikazoea kuonewa huruma, hiyo ndiyo kweli yenyewe na inaniaibisha. Hata hospitalini, Jumapili iliyopita, aliponiuliza habari za jicho, nilimjibu vilevile.

Juzi nilimwambia Verna, jikoni kwake. Alikunja kitambaa cha vyombo, akasema, "Shemeji, yeye aliibeba lawama hii mbele ya watu, na wewe kaseme mbele ya watu," akatoka nje, na hadi sasa hajanisemesha, ni haki yake.

Basi, wote mliokuwa mkisema Delmar Kratzer alimtoa ndugu yake jicho, kuanzia leo semeni nilijitoa mwenyewe. Pumzika, kaka, ile baruti haikuwa yako.