Ganzi ya Mkononi

Asubuhi ile Nyanda alifika kwenye benchi la kahawa, nyuma ya stendi ya Bariadi, amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimebanwa, na jua limeshawaka. Wenzake walijua anaficha nini: kifundo cha mkono kilichochomwa sindano. Vumbi la kinu kipya cha pamba alikofanya kazi, kimoja cha vile vilivyozuka tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, lilikuwa limemziba kifua. Daktari wa Mwanza alitaka damu ya ule mshipa unaopiga kwenye kifundo cha mkono, apime hewa inayofika mwilini. Mara ya kwanza Nyanda aliruka sindano ikiwa ndani, damu ikakosekana. Kesho alitakiwa kurudi, na alikuwa ameapa haendi.

— Ile ni damu ya moyo wenyewe, alisema Salu, aliyeitwa Mizani kwa kuwa alipima pamba enzi za ushirika. Sindano ikiingia, moyo unaivuta. Ndiyo maana inauma.

— Wanauza hiyo hewa, alisema Marcelo, aliyeitwa Daktari wa Redio kwa kuwa tiba zote alizisikia redioni. Siku hizi soko huria. Pumzi yako iko dukani Nairobi muda huu.

— Nani atainunua, na yenyewe inakohoa? akauliza Mizani.

Benchi zima likacheka. Nyanda naye alicheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akashika benchi kwa mikono miwili. Hapo wakaanza kumpa maarifa: anywe kahawa ya moto aungue ulimi, maumivu yasijue yaende wapi, ahesabu ng'ombe wote wa kijiji cha Nkololo. Nyanda alijiona akitimua mbio kabla hajafika ng'ombe wa nne.

Benedikta, mama aliyekuwa akisubiri basi, akarudisha kikombe chake.

— Mwangaluka, baba, alimsalimu Nyanda kwa Kisukuma. Samahani, nimesikia. Kwani hawakukuchoma ganzi kwanza?

Mizani alimtazama Daktari wa Redio. Daktari wa Redio alitazama birika.

— Ganzi si ya meno? akauliza Nyanda.

— Mama yangu walimchoma hapo hapo kwenye kifundo, kisindano chembamba. Alisikia kama siafu mmoja. Ile ya damu ilipoingia, alisikia inasukuma tu. Wewe iombe.

— Inaombwa?

— Kwa mdomo, baba.

Nyanda akavuta pumzi, fupi, lakini ilishuka. Akafungua kifungo cha mkono, akakunja shati mpaka kwenye kiwiko.

— Mizani, basi la Mwanza kesho linaondoka saa ngapi?