Sursis Si Ushindi, Cédric

Zimeni hiyo muziki, mukae karibu na kitanda, na wewe Charlène acha kulia, bado sijakufa. Hata malaika anajua Guylain haondoki kabla ya kumaliza maneno yake. Sikilizeni, wadogo zangu. Papa na maman walitangulia, mukubwa wenu ni mimi, na ijapokuwa shule niliikimbia mapema, hizi figo zikigoma hakuna mwingine wa kuwaachia wosia.

Atelier ya soudure hapa Ibanda, karakana yote, ni yangu. Milango ya chuma yote mizuri ya Nguba niliichomelea mimi. Ile inayolia kama mbuzi ni ya wengine. Atelier namupa Cédric. Ndiyo, Tonton Anaclet, ndugu ya papa, nimeona ukikunja uso. Tangu jana unasema eti mutu aliyehukumiwa hapewi mali ya familia, eti mvua haifuti madoa ya chui. Mimi pia nilihukumiwa! Nilimupasua Blanchard mudomo pale sokoni kwa sababu alimutukana maman, na angerudia ningemuongezea. Juge akanipa kifungo kwa sursis: nirudi nyumbani, nisifanye kosa lingine mupaka muda aliouweka uishe. Nikafunga mikono. Watu wakanitupia matusi, nikayameza kama bugali mubichi. Muda ulipoisha, avocat, wakili wangu, akanieleza kwamba hukumu imeanguka, ni kama haikutamkwa kamwe, na karatasi ya casier, ile inayoandika makosa ya mutu, ikatoka safi kuliko shati yako ya misa. Serikali yenye imeshindwa kuziba mashimo ya barabara iliweza kusahau! Wewe, damu yangu, ulipopeleka posa yangu kwa akina Nsimire, ulianza na nini? "Kijana wetu alipita gereza kidogo." Gereza gani, Tonton? Sikulala mule hata usiku mumoja. Nsimire akaolewa na mwingine, na mimi nakufa na hiyo hasira, sitakuficha.

Cédric, usichekelee, yako inakuja. Ulimuvunja Zagabe meno kwa ajili ya mupaka wa shamba la papa, juma lililopita juge akakupa sursis, na wewe, kichwa cha mbuzi, ukadhani umeachiliwa. Ukabeba kasiksi, ile pombe ya ndizi, na ngoma mupaka Nyangezi, ukacheza mbele ya nyumba ya Zagabe: "Nimeshinda!" Umeshinda nini? Hukumu iko juu yako kama jiwe juu ya bati. Piga mutu mwingine, linakuangukia, pamoja na jiwe la kosa jipya. Zagabe amelijua hilo, ndiyo maana anakuchokoza kila siku. Ni wewe tu hujui.

Basi shika neno langu. Kesho uende kwake na Charlène, mikono nyuma, uombe musamaha kwa ile ngoma. Akikutukana, meza. Akikupiga kofi, rudi nyumbani. Huo sasa ndio ushindi. Ufunguo wa atelier utakaa kwa Charlène mupaka muda wako uishe. Ukirudi mbele ya juge, atelier iuzwe, na usikanyage kaburi langu, asiyesikia la mukubwa amevunjika mwenyewe. Ukimaliza salama, Tonton atakupa ufunguo mbele ya familia yote, na lile neno gereza lisitoke kinywani mwake. Aite jina lako tu.

Maji... hapana, acha. Mungu awafunike, wadogo zangu. Cédric, leta hiyo mikono hapa. Ijenge. Isi... isipige. Tonton, sogea. Sitaki kungoja hiyo siku, sina... sina pumzi ya kungoja. Muite sasa. Jina tu, bila mukia wa gereza.

Sema, Tonton. Nasikiliza.